Kabla Hamjaleta Kalamu Zipakwe Mafuta



Leo sina ujumbe wa kuvunja minyororo. Nataka tuzungumze kuhusu Baiolojia. Umesoma vizuri. Baiolojia ya Kidato cha Nne, ile ambayo kijana wako atafanya mwaka huu katika KCSE, na ambayo wazazi wengi mnaniletea niiombee kila ifikapo Oktoba.

Mnajua inavyokuwa. Jumapili ya watahiniwa ikifika, foleni inaanzia madhabahuni inafika mlangoni. Kalamu, rula, penseli, hata kikokotoo. Tunaweka mikono, tunapaka mafuta, mama anatoa machozi, kijana anajifuta paji la uso, na kila mtu anarudi nyumbani na amani yake. Mimi naamini katika maombi. Ningekuwa siamini ningetafuta kazi nyingine. Lakini ile Jumapili moja inabebeshwa mzigo wa miaka minne.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaoninunia: mtahiniwa wa Baiolojia anahitaji kutoka kwa kanisa na kwa mzazi kitu kigumu kutoa kuliko mafuta. Anahitaji muda. Muda wa kusoma, muda wa kulala, na mtu mzima wa kumwambia asiogope sura yoyote ya kitabu chake.

Tuanze na huo muda, kwa sababu sisi wapendwa ndio tunaoula.

Kuna binti wa Kidato cha Nne, yuko shule ya kutwa. Jumatano ana mazoezi ya kwaya. Ijumaa ana kesha, saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Jumamosi anafua, anapika, halafu anakuja kupanga viti. Jumapili yuko kanisani kutoka asubuhi mpaka jioni, na wageni wakija yeye ndiye anayechemsha chai. Kaka yake wa umri huo huo hachemshi chai, lakini hilo tutaliongea siku nyingine. Sasa niambie, huyu binti atasoma figo saa ngapi? Atakaa na mchoro wa moyo saa ngapi mpaka aweze kuuchora bila kuchungulia?

Kwa hivyo kuanzia muhula huu, mtahiniwa yeyote wa kanisa hili haruhusiwi kwenye kesha. Nimesema haruhusiwi, sijasema anashauriwa. Alale. Yale aliyosoma mchana, ubongo unayapanga vizuri akiwa usingizini, na ukimnyima usingizi umemnyima nusu ya kazi aliyofanya. Kwaya itaimba bila yeye hadi Novemba. Sauti ya tatu itapungua kidogo, tutavumilia.

Na jambo la pili linalofanana na hilo: kufunga. Kuna vijana wanafunga siku tatu kavu kabla ya karatasi ya kwanza. Nawaheshimu kwa bidii yao, lakini wanangu, mlisoma wenyewe katika Kidato cha Pili jinsi seli zinavyopata nguvu kutoka kwa glukosi. Ubongo ni karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, na unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu mwili unapokuwa umepumzika. Unaingia kwenye chumba cha mtihani ukiwa umeunyima chakula halafu unataka ukumbuke hatua zote za kuganda kwa damu? Kuleni ugali. Wazazi ndio wafunge. Mimi nitafunga. Nyinyi kuleni.

Sasa mzazi, hebu nikueleze mtoto wako anakwenda kukutana na nini, maana wengi tunaombea kitu ambacho hatujawahi kukiona.

Baiolojia ina karatasi tatu. Ya kwanza ni alama 80, maswali mafupi mafupi yanayotoka kila pembe ya silabasi, kuanzia Kidato cha Kwanza. Ya pili nayo ni alama 80: sehemu ya kwanza ina maswali matano ya lazima, kisha kuna swali la sita, nalo ni la lazima, ambalo mara nyingi lina takwimu na grafu, halafu mtahiniwa anachagua kati ya la saba na la nane na kuandika insha. Ya tatu ni mazoezi ya maabara, alama 40. Jumla 200, zinagawanywa kwa mbili. Kwa hivyo ile karatasi ya maabara ambayo watu huichukulia kama nyongeza ni moja ya tano ya somo zima.

Na wengi wanaanguka kwa njia ya kujibu, wala si kwa kutojua. Maswali yanakuja kwa Kiingereza, mimi naandika kwa Kiswahili, lakini tutaelewana.

Ukiulizwa kwa nini mmea unanyauka saa saba mchana, usiandike "kwa sababu ya jua kali" ukaweka nukta. Hilo hata nyanya yangu analijua. Mtahini anataka hatua: joto linafanya majani yapoteze maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoyafyonza, seli zinapungukiwa na maji, zinalegea, haziwezi tena kushikilia jani, jani linainama. Kila hatua ina alama yake. Ukiruka hatua umeruka alama.

Ukiulizwa utofautishe ateri na vena, usiandike kwamba ateri ina ukuta mnene halafu ukasema vena ina vali. Umetaja mambo mawili yasiyokutana. Sema ateri ina ukuta mnene wenye misuli mingi ilhali vena ina ukuta mwembamba. Jambo moja, pande mbili. Mtu anayejua vizuri kabisa anakosa alama hapa kwa sababu ya haraka.

Jina la kisayansi la kiumbe, kwa mfano Zea mays la mahindi, ukiliandika kwa mkono unapiga mstari chini ya kila neno peke yake. La kwanza linaanza kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo. Mchoro unachorwa kwa penseli yenye ncha kali, mistari safi inayoungana, bila kutia kivuli, na mistari ya majina haikatizani. Ukiambiwa utafute ukuzaji, unagawanya urefu wa mchoro kwa urefu wa kitu chenyewe, na usisahau ile alama ya kuzidisha mbele ya jibu. Haya hayahitaji akili nyingi, yanahitaji mtu aliyeyafanya mara kumi kabla ya siku yenyewe.

Mzazi usiniambie shule ya mtoto wako haina maabara ya kutosha. Najua. Nimeingia shule ambapo darubini moja inatumiwa na darasa zima na lenzi yake ina ukungu. Hiyo ni dhuluma na tutaendelea kuisema. Lakini wakati tunaisema, jikoni kwako kuna maabara. Chukua kiazi, kimenye, kata vipande viwili vyembamba vyenye urefu sawa, pima kwa rula. Kimoja kitie kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi. Subiri saa moja, pima tena. Cha maji matupu kitakuwa kigumu na kitarefuka kidogo, cha chumvi kitalegea na kufupika. Mwambie mtoto akueleze kwa nini. Akiweza kukueleza wewe uliyeacha shule zamani, ataweza kumweleza mtahini. Hiyo ni osmosisi na imekugharimu kiazi kimoja.

Au zile mahindi na maharagwe za githeri. Kabla hujazichemsha, chukua punje chache za kila aina, zifunike kwa kitambaa chenye maji mpaka zichipue, kisha zipande zote kwenye mkebe wa udongo. Maharagwe yatainua zile nusu mbili za mbegu juu ya udongo. Mahindi yataacha punje yake chini. Hilo ni somo la Kidato cha Tatu, na mtoto aliyeliona kwa macho yake halikariri, analikumbuka tu.

Nimefika sasa mahali ambapo nilitaka kufika tangu mwanzo.

Kuna vijana wetu waliookoka, wanaoomba, wanaojua Neno, ambao wakifika kwenye sura ya mageuko ya viumbe wanafunga kitabu. Wengine wameambiwa na watumishi kwamba kuisoma ni kufungua mlango kwa adui. Kwa hivyo mtihani ukija na swali la Lamarck na Darwin, au la ushahidi wa mabaki ya kale na mifupa inayofanana, wanaliacha wazi, au wanaandika ushuhuda wa uumbaji. Kisha matokeo yanatoka na tunasema shetani amepigana.

Shetani hakufika hapo. Swali liliulizwa na halikujibiwa.

Mimi naamini Mungu ndiye Muumba. Nimehubiri hilo na nitaendelea kulihubiri. Lakini mtahini hakuulizi unaamini nini. Anakuuliza Darwin alisema nini na anataka uonyeshe umemwelewa. Danieli alipopelekwa Babeli aliwekwa darasani miaka mitatu akasomeshwa elimu na lugha ya Wakaldayo. Fikiria mambo yaliyokuwa katika elimu ile! Hakufunga kitabu. Alikataa chakula cha mfalme, lakini masomo aliyasoma, na mfalme alipowahoji, yeye na wenzake watatu walipatikana bora mara kumi kuliko wataalamu wa nchi nzima. Alijua tofauti ya kusoma kitu na kukiabudu.

Na tusijifanye sura hiyo ni ya nchi za mbali. Mwaka 1984 Mkenya mwenzetu, Kamoya Kimeu, ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa Turkana kule Nariokotome, magharibi mwa ziwa. Wanasayansi wanasema ana takriban miaka milioni 1.5, na ni mmoja wa mifupa kamili zaidi ya kale iliyowahi kupatikana. Mwaka 2006 viongozi kadhaa wa makanisa ya kiinjili nchini walipinga jinsi mifupa hiyo ingeonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa pale Nairobi. Walikuwa na haki ya kusema na walisema. Lakini mtoto wa miaka 17 aliye na dakika mbili za kujibu swali la alama tatu hajaitwa kwenye mjadala huo. Ajibu, achukue alama zake, mjadala tutaendelea nao sisi wazee.

Tena kuna sehemu za sura hiyo ambazo hata mimi sioni ugomvi wowote nazo. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka klorokwini, vile vidonge vichungu vilivyokuwa vinatuwasha mwili mzima. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Kwa nini? Vimelea vichache vilivyokuwa na uwezo wa kuistahimili vilibaki hai wakati vingine vinakufa, vikazaana, mwishowe dawa ikawa kama maji. Kijana akiandika hivyo ameeleza uteuzi wa asili. Hajaacha wokovu.

Na ile sura nyingine wanayoiogopa, ya jenetiki, ilianzishwa na mtu wa kanisa. Gregor Mendel alikuwa mtawa katika monasteri ya Brno, siku hizi ni nchi ya Cheki. Kuanzia 1856 alipanda njegere kwenye bustani ya watawa, mwaka baada ya mwaka, akihesabu mbegu moja moja. Katika jaribio moja alipata mbegu laini 5,474 na zilizokunjamana 1,850. Gawanya mwenyewe uone: karibu tatu kwa moja. Ile "tatu kwa moja" mnayoikariri bila kujua ilikotoka, ilitoka kwa mtu aliyeinama bustanini kati ya sala moja na nyingine. Alichapisha kazi yake 1866, akafa 1884, na dunia haikuitilia maanani mpaka mwaka 1900.

Na kwa nyinyi mnaorudia mtihani, mnaokuja kanisani mkikaa viti vya nyuma: Mendel huyo alifanya mtihani wa kuwa mwalimu aliyehitimu mara mbili, 1850 na 1856, na mara zote mbili hakufaulu. Njooni mkae mbele.

Lakini jenetiki si ya alama tu. Hapa naongea kama mchungaji anayefungisha ndoa.

Kila mara wachumba wanakuja kwangu. Nawauliza kuhusu wokovu, wazazi, mahari, madeni. Siku hizi nauliza pia kama wamepima selimundu, hasa wakiwa na asili ya kule karibu na Ziwa Victoria, Magharibi au Pwani, ambako ugonjwa huu uko kwa wingi. Wengi wananikodolea macho. Ilhali kile kisanduku cha miraba minne walichochora katika Kidato cha Nne ndicho kinachojibu. Mume akiwa amebeba jeni moja ya selimundu na mke vilevile, wote wawili wakiwa na afya njema kabisa, basi kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Kwa kila mimba, si kwamba wakishapata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wako salama. Hilo nalo huulizwa kwenye mtihani na watu hulikosa.

Nimezika watoto wa ugonjwa huu. Nimekaa na mama aliyeambiwa na jamaa za mumewe kwamba yeye ndiye mwenye laana, kwamba ukoo wao umefungwa, kwamba apeleke kuku mahali fulani. Hakuna aliyemwambia kwamba jeni hiyo imetoka kwa wazazi wote wawili. Angeambiwa na kijana mmoja tu wa Kidato cha Nne pale nyumbani, aliyeelewa somo lake na kupewa nafasi ya kuongea, angepumua.

Mkitaka kujua kwa nini jeni hiyo iko kwa wingi huku kwetu, yupo daktari aliyeitwa Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, ambaye mwaka 1954 alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu mwenye jeni moja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Palipo na malaria nyingi, jeni hiyo ilidumu. Hapo jenetiki na ile sura mliyofunga zimekutana katika damu ya jamaa zenu.

Mfalme Sulemani aliyepewa hekima na Mungu hakuimalizia yote kwenye mithali. Kitabu cha Wafalme kinatuambia alinena habari za miti, kutoka mierezi mikubwa ya Lebanoni hadi kamti kadogo kanakoota ukutani, na habari za wanyama, ndege, watambaao na samaki. Yaani mtu aliomba hekima akaanza kuangalia mimea. Sijui kwa nini hatuhubiri hapo.

La mwisho, fupi. Kuna baba wawili watatu wameniuliza, kwa sauti ya chini, kuhusu zile namba za simu zinazouza mtihani kabla ya siku. Jibu ni hapana, na msiniulize tena. Wengi wao ni matapeli, mtatuma pesa mpate karatasi ya uongo. Na ikiwa ni ya kweli, ni kosa la jinai, na mtoto anaweza kufutiwa matokeo yote. Zaidi ya hayo, yule muuguzi atakayekuchoma sindano ukiwa mzee, ungependa awe alinunua jibu au alilisoma?

Basi mpango ni huu. Kuanzia Jumamosi hii hadi mtihani uishe, ukumbi wa kanisa utakuwa wazi kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana kwa watahiniwa wote, wa kanisa hili na wasio wa kanisa hili, Waislamu mkaribie pia. Walimu wawili washirika wetu wamekubali kuja. Tutaanza na karatasi za miaka iliyopita pamoja na miongozo yake ya kusahihisha, na wiki ya kwanza ni jenetiki na mageuko, nimechagua mwenyewe. Hakuna ada, uji upo. Tutaomba dakika kumi tukianza na dakika kumi tukimaliza. Jumapili ya kalamu bado ipo Oktoba, na mafuta yapo, lakini nitampaka kwanza yule niliyemwona Jumamosi.

Leteni penseli mbili, kifutio, rula na daftari la kuchorea. Na mama, ukimsindikiza, beba viazi viwili na chumvi.